Ruzuku ya Usafiri na Saa Zinazopotea Kituoni

Mtu akiulizwa anatumia fedha kiasi gani kwa nauli kila mwezi, aghalabu hujibu bila kusita, kwa kuwa fedha hizo hutoka mfukoni mwake naye huziona zikitoka. Lakini akiulizwa anatumia saa ngapi kituoni akingoja basi, hunyamaza. Saa hazina noti wala sarafu. Hazikatwi katika mshahara, wala hazimo katika daftari la matumizi ya nyumbani. Hata hivyo saa hizo hulipwa, na hulipwa na nyumba nzima: baba, mama na mtoto wa shule.

Hesabu yake si ngumu. Mfanyakazi anayetumia saa 2 kwenda kazini, pahali ambapo dakika 45 zingetosha, hupoteza saa 1 na robo kila asubuhi, na jioni akirudi hupoteza kiasi kile kile. Kwa siku moja ni saa 2 na nusu. Kwa juma lenye siku 6 za kazi ni saa 15, yaani karibu siku 2 kamili za kazi zilizotupwa barabarani. Katika saa hizo mtoto angesaidiwa masomo yake, bustani ingepaliliwa, na mwili uliochoka ungepata usingizi wake wa haki.

Kwa askari hasara hiyo ina sura nyingine. Lindo haliwezi kuachwa wazi kwa sababu foleni ni ndefu. Askari wa zamu ya asubuhi akichelewa saa moja, mwenzake aliyekesha usiku kucha hulazimika kusimama saa moja zaidi. Mwenye kuchelewa hupata karipio; aliyengoja hupata uchovu; na mke wake nyumbani, aliyepanga kwenda sokoni au zahanati mara mumewe arudipo kumwangalia mtoto, hupata siku iliyoharibika. Basi moja lililokosekana huwagusa watu watatu ambao hawakuwa kituoni kabisa.

Kwa sababu hiyo serikali nyingi duniani zimekubali kwamba usafiri wa umma haufai kuachwa mikononi mwa nauli peke yake. Hapo ndipo huingia ruzuku. Lakini neno hili husemwa kwa wepesi mno, kana kwamba ruzuku zote ni moja, na wananchi hushangilia kabla ya kujua wanachoshangilia. Yafaa ieleweke kwamba ziko ruzuku za namna tatu. Ya kwanza ni ya kujenga: njia, madaraja, vituo na karakana. Ya pili ni ya kuendesha: mafuta, matairi, vipuri na mishahara. Ya tatu ni ya kumfidia mwendeshaji kwa nauli nafuu anayotakiwa kumtoza mwanafunzi au mnyonge mwingine. Fauka ya hayo, ruzuku si mkopo. Mkopo nafuu, hata uwe nafuu namna gani, utalipwa na watoto wa wale wanaoupanda leo.

Mji wa Dar es Salaam unafaa kuwa darasa la jambo hili, maana umeyapitia karibu yote.

MAFUNZO YA UDA

Mabasi ya mji huo yalikuwa mikononi mwa kampuni ya DMT hadi ilipotaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 kazi yake iligawanywa: Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, likapewa mji, na KAMATA ikapewa safari za mikoani. Nia ilikuwa njema, nayo ni kwamba mfanyakazi asafiri kwa heshima na kwa bei anayoimudu. Wazee wa mji huo hawajayasahau mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria.

Lakini nauli ilipangwa na Serikali, na ilipangwa ndogo, huku bei ya mafuta na vipuri ikipangwa na dunia. Ilipofika miaka ya mwisho ya 1970, bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno, vita vya 1978 na 1979 vilikuwa vimechukua magari na fedha, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa adimu. Basi lililoharibika kwa kukosa kifaa kidogo lilisimama karakana, kisha likawa ghala la vifaa vya kutengenezea mabasi mengine. Hivyo shirika likajila lenyewe.

Hapa pana jambo ambalo halina budi kusemwa kwa haki. Wengi walisema UDA ilikufa kwa uzembe, na hapana shaka uzembe ulikuwapo. Lakini hata shirika lenye watumishi hodari haliwezi kuishi miaka mingi likitoza nauli isiyotosha gharama, kama hakuna mfuko wa kujaza pengo lililobaki. Serikali iliyoamuru nauli ndogo ilikuwa imetoa ahadi ya ruzuku bila kuitamka, na ahadi ambayo haikutiwa fedha hulipwa na matairi, kisha na injini, na mwishowe na abiria aliyesimama juani.

Pengo lile lilijazwa na watu binafsi. Kwanza walifanya kazi kwa kificho, kisha mwaka 1983 waliruhusiwa kubeba abiria kihalali. Magari yao yakapata jina la daladala, kwa sababu ya nauli ya shilingi 5, ambayo watu waliiita "dala". Mgala muue na haki yake mpe: daladala ziliuokoa mji ulipokuwa umekwama. Lakini zilikuja na desturi yake. Dereva hutakiwa kumpelekea tajiri wake kiasi maalumu cha fedha kila jioni, kinachoitwa hesabu, na kinachozidi ndicho riziki yake na ya kondakta wake. Gari likijaa ni shibe. Likienda nusu tupu ni njaa. Ndiyo maana hungoja kituoni hadi lijae, hukatisha ruti abiria wanapopungua, na hukimbizana na wenzake barabarani. Kuchelewa kwa abiria hakutoki katika tabia mbaya ya dereva peke yake. Kumo ndani ya mkataba wake.

MTOTO WA SHULE HULIPA KWA KUNGOJA

Hakuna anayeonyesha ubaya wa mpango huo kuliko mwanafunzi. Katika nauli zilizoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2013, mtu mzima katika safari fupi alilipa shilingi 400, na mwanafunzi shilingi 200. Agizo hilo lilikuwa la huruma na la haki. Lakini tofauti ya shilingi 200 haikulipwa na mfuko wowote wa umma. Ililipwa na yule aliyekuwa kwenye usukani.

Tuseme daladala imebeba wanafunzi 10. Mapato yake hupungua kwa shilingi 2,000, ambayo ni sawa na kuondoka na viti 5 vitupu. Tajiri hapunguzi hesabu yake kwa ajili hiyo. Basi kondakta hufanya nini? Husimama mlangoni na kuwazuia wenye sare za shule, au huruhusu wawili watatu tu, na waliobaki huambiwa wangoje gari lijalo, ambalo nalo lina kondakta mwenye hesabu ile ile. Mtoto wa darasa la nne hujifunza alfajiri, kabla hajafika kwa mwalimu, kwamba yeye ni hasara.

Wazazi humlaumu kondakta, na polisi wa usalama barabarani hutumwa kumkamata. Lakini adhabu haiwezi kufanya kazi ya fedha. Punguzo lisilo na ruzuku si punguzo. Ni deni lililohamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, hadi limfikie asiye na wa kumhamishia. Katika mlolongo huu wa mwisho ni mtoto, naye hulipa kwa kungoja. Serikali ingemlipa mwendeshaji ile tofauti kwa kila mwanafunzi aliyebebwa na kuhesabiwa, kondakta angekuwa wa kwanza kuwaita.

NJIA YA MABASI PEKE YAKE

Mwaka 2007 Tanzania iliunda Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, ikijifunza kwa mji wa Bogotá wa Kolombia, ambako mabasi hupita katika njia yake yenyewe isiyoingiliwa na magari mengine. Awamu ya kwanza, yenye kilomita 20.9, ilijengwa zaidi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mabasi 140 yalianza kazi mwezi Mei 2016, na mnamo Januari 2017 Rais John Magufuli akauzindua mradi rasmi. Safari ya kutoka Kimara hadi Kivukoni, iliyokuwa ikichukua saa 2 na zaidi nyakati za msongamano, ikawa ya dakika zipatazo 45. Wananchi wenyewe waliyapa mabasi hayo jina la mwendokasi, na jina hilo likashinda jina la Serikali.

Wakati huo huo misaada mingine iliingia barabarani. Japani ilitoa ruzuku ya kupanua barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge hadi Tegeta, na ikagharamia sehemu kubwa ya daraja la juu la TAZARA, linaloitwa Mfugale, lililofunguliwa Septemba 2018. Fedha za nyumbani nazo zilitumika: mwishoni mwa mwaka 2015 sherehe za Uhuru zilisitishwa, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua kilomita 4.3 za barabara kati ya Mwenge na Morocco.

Kazi hizo zote zina faida, lakini hazifanani. Barabara ikipanuliwa, kila mwenye gari hunufaika siku za mwanzo; kisha magari huongezeka, na foleni hurudi ikiwa na mistari mingi zaidi. Njia ya mabasi haigeuki hivyo. Basi moja refu hubeba watu wapatao 150, na watu hao wakipanda magari madogo wangeijaza barabara kwa masafa marefu. Kwa hiyo ruzuku ya barabara na ruzuku ya basi, hata zikiwa na thamani moja, hazirudishi saa zile zile kwa watu wale wale. Anayepita juu ya daraja ndani ya gari lake amepunguziwa foleni. Anayengoja basi chini ya daraja bado anangoja.

Mwendokasi wenyewe haukukosa majaribu. Karakana yake kuu ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, mahali ambapo historia ilitosha kuwa onyo. Mvua kubwa zilipokuja, maji yaliingia karakana, na barabara ikafungwa mara kwa mara. Mafuriko ya mwaka 2018 yaliharibu mabasi mengi. Sasa bonde hilo lina mradi mkubwa wa kulitengeneza, wenye mkopo wa Benki ya Dunia na wa Hispania, pamoja na ruzuku ya Uholanzi. Na miongoni mwa kazi zake ni daraja jipya la Jangwani na kuihamisha karakana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukiijenga nyumba yako mtoni, utaijenga mara mbili.

Awamu ya pili, ya kilomita 20.3 kuelekea Mbagala, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hapa palitokea jambo la kusikitisha. Njia ilikamilika, vituo vikasimama vikiwa vipya, lakini mabasi hayakuwapo. Wakazi wa Mbagala waliendelea kubanana ndani ya daladala wakiitazama njia tupu iliyonyooka kando yao, hadi huduma ilipoanza mwaka 2025. Fedha za zege zilikuwa zimepatikana mapema kuliko fedha za magurudumu.

Wala jambo hilo si la Dar es Salaam peke yake. Mfadhili hupenda kitu kinachoweza kuzinduliwa. Daraja lina utepe wa kukatwa na jiwe la msingi la kuandikwa majina. Tairi la mwaka wa tano halina utepe. Hakuna kiongozi anayealikwa kuzindua mafuta ya kulainishia injini. Kwa hiyo ruzuku ya kujenga hupatikana kwa urahisi kuliko ruzuku ya kuendesha, na miji hujikuta ina mali kubwa isiyo na wa kuitunza.

KIGALI NA NAULI ILIYOSAIDIWA

Rwanda ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2020, nauli mpya zilipowalemea wananchi katika wakati mgumu wa maradhi ya korona, Serikali iliamua kubeba sehemu ya nauli ili abiria alipe pungufu. Mpango huo uliendelea hadi Machi 2024, ulipoondolewa, na nauli ikapanda. Kabla ya hapo Serikali ilikuwa imechukua hatua ya kuleta mabasi mapya, kwa kuwa upungufu wa mabasi ulikuwa umefanya mistari ya abiria iwe mirefu.

Mafunzo ya Kigali ni mawili. La kwanza, ruzuku ya nauli humsaidia mwananchi siku ile ile, wala haimlazimu kungoja miaka mitano ya ujenzi. La pili, nauli iliyosaidiwa haina faida kwa mtu ambaye basi lake halikuja. Bei ndogo ya kitu kisichopatikana ni sawa na bei kubwa. Ruzuku lazima ifungamane na huduma iliyotolewa. Katika miji kadhaa duniani mwendeshaji hulipwa kwa kila kilomita ambayo basi lake limekwenda kwa ratiba, siyo kwa idadi ya abiria aliowabana. Dereva wa basi kama hilo hana sababu ya kungoja lijae, wala ya kumwogopa mwanafunzi. Lakini mpango huo unahitaji mkaguzi mwaminifu na daftari lililo safi, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

YAFAAYO KUULIZWA

Wako wasemao kwamba fedha za umma zisiwekwe katika mabasi hata kidogo, na kwamba kila abiria alipe thamani kamili ya safari yake. Hoja hii isidharauliwe. Mkulima wa mkoa wa mbali, asiyepata kupanda mwendokasi maishani mwake, ana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake imsafirishe karani wa mjini. Jibu la kweli ni kwamba barabara anayopita mwenye gari lake nayo hujengwa kwa fedha za umma, wala haiitwi ruzuku. Zaidi ya hayo, mazao ya mkulima huyo hufika mjini na kukwama katika foleni ile ile. Lakini jibu hilo lina sharti lake: huduma ya mikoani nayo isisahauliwe, na kila shilingi iliyotolewa ionekane imefanya kazi.

Kwa hiyo, siku serikali yoyote itakapotangaza ruzuku ya usafiri, wananchi wasiishie kupiga makofi. Kwanza, waulize kama fedha hizo ni ruzuku au ni mkopo, na kama ni mkopo, utalipwa na nani. Pili, waulize mabasi yatafika lini, na kama yatafika pamoja na njia yake. Tatu, nani atanunua matairi katika mwaka wa tano, baada ya mfadhili kurudi kwao. Nne, mabasi yatalala wapi wakati wa masika. Tano, nani atalipa tofauti ya nauli ya mwanafunzi. Na sita, daftari litasomwa na nani, na litasomwa hadharani au chumbani.

Maswali hayo hayahitaji elimu ya chuo kikuu. Kila mama mwenye nyumba huyauliza kila mwezi katika mambo yake: hanunui sufuria kubwa kabla ya kujua mkaa utatoka wapi, wala hajengi banda la kuku bondeni. Anajua kwamba kupewa kitu ni siku moja, na kukitunza ni kila siku. Serikali ikijipangia matumizi kwa akili hiyo, askari atafika lindoni kwa wakati, mwenzake ataondoka kwa wakati, na mtoto wa shule atapanda basi la kwanza linalofika, kama abiria mwingine yeyote.